Somo la 9: Uhuru Ulionyang'anywa

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Yer. 34:8–22, Kum. 15:12–18, Yer. 37:5–10, Mwa. 15:7–18, 2 Fal. 25:1–12, Yer. 39:10–18, Lk. 4:16–21.

Fungu la Kukariri: Yeremia 34:15. Likariri kutoka katika Biblia yako, kisha soma aya ya 16 ili uone kilichofuata.

Maandiko yana visa vingi vya watu wa Mungu kuvunja agano. Ndama wa dhahabu chini ya Sinai anajulikana hata na watoto wa darasa la Sabato. Baal-Peori na bonde la mwana wa Hinomu hutajwa mara nyingi mimbarini. Kisa cha juma hili hakihubiriwi sana, labda kwa sababu hakina sanamu wala madhabahu ya kigeni. Ndani yake wamo watumwa na mabwana zao, mfalme mwoga, ndama aliyekatwa vipande viwili, na jeshi lililoondoka kisha likarudi.

Yote yalitokea Yerusalemu, katika miaka ya mwisho ya utawala wa Sedekia. Watu wa mji walifanya agano jema, wakalitimiza kwa muda mfupi, kisha wakalivunja hatari ilipoonekana imepita. Hukumu iliyotangazwa juu yao ni kati ya hukumu kali kuliko zote katika kitabu cha Yeremia. Juma hili linachunguza kwa nini Mungu alilichukulia tendo hilo kwa uzito mkubwa hivyo, na hukumu hiyo inamfundisha nini mtu anayemtumaini Mungu leo.

JUMAPILI
Agano Katika Mji Uliozingirwa

Soma Yeremia 34:6–10. Ni hali gani iliyowafanya watu wa Yerusalemu wafanye agano hili?

Mwaka 588 K.K. majeshi ya Nebukadreza yaliuzunguka Yerusalemu. Miji yenye ngome ya Yuda ilikuwa imeanguka mmoja baada ya mwingine, na kwa mujibu wa aya ya 7 ilikuwa imebaki Lakishi na Azeka tu. Mwaka 1935 wachimbaji wa mambo ya kale walikuta katika magofu ya Lakishi vigae vilivyoandikwa kwa wino. Vilikuwa barua za kijeshi za siku hizo za mwisho. Katika barua moja ofisa anamwarifu mkubwa wake kwamba wanaangalia ishara kutoka Lakishi, kwa kuwa za Azeka hawazioni. Hivyo ndivyo nchi ilivyokuwa ikizimika.

Katika hofu hiyo Sedekia aliwaita watu wafanye agano la kuwaacha huru watumwa wote Waebrania, wanaume kwa wanawake. Sheria hiyo haikuwa mpya. Kutoka 21:2 na Kumbukumbu la Torati 15:12–18 zilikuwa zimeagiza kwamba Mwebrania aliyejiuza kwa sababu ya deni atumike miaka 6 tu, na katika mwaka wa 7 aachwe huru. Bwana wake hakuruhusiwa kumwacha aende mikono mitupu. Alipaswa kumpa kondoo, nafaka kutoka uwanja wa kupuria na divai kutoka shinikizo, ili aanze maisha yake bila kurudi kwenye deni.

Sababu ya sheria hiyo imetajwa katika Kumbukumbu la Torati 15:15: Israeli walikuwa watumwa Misri, na Bwana akawakomboa. Sababu hiyo hiyo ndiyo iliyotolewa kwa ajili ya Sabato katika Kumbukumbu la Torati 5:14, 15, ambapo mtumwa na mjakazi wanatajwa kwa jina la kazi zao ili wapumzike pamoja na bwana wao. Mtu aliyeitunza Sabato huku akimshikilia ndugu yake zaidi ya miaka 6 alikuwa amelisahau jambo ambalo Sabato yenyewe ilimkumbusha kila juma.

Yeremia 34:14 inaonyesha kwamba sheria hii ilikuwa imepuuzwa tangu siku za baba zao. Sasa, kwa mara moja, wakuu na watu wote wakatii. Mungu mwenyewe anakiri katika aya ya 15 kwamba walilotenda lilikuwa jema machoni pake. Hawakusubiri nia zao zitakasike kabisa ndipo watende haki, na Mungu hakulidharau tendo jema kwa sababu lilifanyika wakati wa hofu.

Je, kuna agizo la Mungu ambalo familia yako au kanisa lako limelizoea kulipuuza, hata likaonekana kama halipo?

JUMATATU
Majeshi Yalipoondoka

Soma Yeremia 34:11 pamoja na Yeremia 37:5–10. Ni nini kilichobadilika kati ya kuachwa huru kwa watumwa na kurudishwa kwao?

Jeshi la Farao lilitoka Misri, na Wakaldayo waliposikia habari hiyo wakauacha mji ili kulikabili. Malango yakafunguliwa. Watu wakatoka kwenda mashambani kuona kilichosalia. Na hapo mabwana wakaanza kuhesabu hasara. Nani atalima? Nani atachota maji? Nani atasaga unga? Wakaenda wakawatafuta wale waliowaacha huru, wakawatia tena utumwani.

Katika Kiebrania, kitenzi kimoja kinachomaanisha kugeuka au kurudi kinapita katika sura hii yote. Watu waligeuka, wakatenda haki (aya ya 15). Wakageuka tena, wakawarudisha watumwa wao (aya ya 16). Basi Mungu atawarudisha Wakaldayo (aya ya 22). Neno la toba ndilo hilo hilo la kurudi nyuma; tofauti iko katika upande ambao mtu anaelekea.

Ni vizuri kumfikiria mmoja wa wajakazi wale. Alikuwa ameambiwa yuko huru. Huenda alikuwa amekwisha kufika kwa ndugu zake na kulala usiku wa kwanza bila kuamshwa na sauti ya mtu mwingine. Kisha bwana wake akasimama mlangoni. Aya ya 16 inagusa jambo hili inaposema kwamba watu hao walikuwa wameachwa waende kama walivyopenda. Mungu alikuwa ameona furaha yao, na aliona pia walivyorudishwa.

Waswahili husema ahadi ni deni. Deni la namna hii ni rahisi kulisahau mambo yakiwa mazuri. Mtu akiwa amelazwa hospitalini huahidi mengi. Akiruhusiwa kwenda nyumbani, orodha hupungua siku kwa siku. Familia humchukua binti kutoka kijijini kuja kusaidia kazi za nyumbani, ikawaahidi wazazi wake kwamba baada ya miaka miwili atapelekwa kujifunza ushonaji. Miaka miwili inafika, naye amekuwa hodari wa kupika na kulea, na kumpoteza kunaonekana hasara. Anaambiwa asubiri kidogo. Mwaka mwingine unapita. Hakuna aliyetamka kwamba ahadi imevunjwa, lakini binti anajua, na wazazi wake wanajua.

Ni ahadi gani uliyomwahidi mtu asiye na uwezo wa kukudai? Imefikia wapi?

JUMANNE
Kati ya Vipande vya Ndama

Soma Yeremia 34:15, 18, 19. Agano hili lilifanyika wapi, na kwa njia gani?

Agano lilifanyika hekaluni, katika nyumba iliyoitwa kwa jina la Bwana. Ndama alikatwa vipande viwili, na wakuu wa Yuda, wakuu wa Yerusalemu, matowashi, makuhani na watu wote wa nchi wakapita katikati. Watu wa nyakati zile walielewa maana yake. Katika mkataba wa karne ya 8 K.K. kati ya mfalme Ashur-nirari wa 5 wa Ashuru na Mati'ilu mtawala wa Arpadi, mwana-kondoo aliletwa, na mkataba ukaeleza kwamba kichwa cha mwana-kondoo huyo kinasimama badala ya kichwa cha Mati'ilu akivunja kiapo. Aliyepita kati ya vipande alikuwa akijitamkia hukumu: nikivunja, yanipate kama yaliyompata mnyama huyu.

Kwa hiyo watu wa Yerusalemu hawakuhukumiwa kwa sheria wasiyoijua. Walihukumiwa kwa kiapo chao wenyewe. Ndiyo maana aya ya 16 inasema walilinajisi jina la Mungu. Jina hilo lilikuwa limetumika kama dhamana ya uhuru wa maskini, na dhamana hiyo ikafanywa kuwa bure.

Sasa soma Mwanzo 15:7–18. Ni nani aliyepita kati ya vipande vya wanyama?

Abramu aliwapasua wanyama, akawafukuza ndege, kisha usingizi mzito ukamshika. Tanuru ya moshi na mwenge unaowaka ndivyo vilivyopita kati ya vipande. Mungu alijifunga mwenyewe kwa kiapo, na Abramu hakupita. Tena maneno aliyoyasema usiku huo (aya ya 13, 14) yalihusu utumwa: uzao wa Abramu utatumikishwa katika nchi ya ugeni, Mungu atalihukumu taifa litakalowatumikisha, nao watatoka na mali nyingi.

Agano lile la kwanza lilikuwa na ahadi ya kuwatoa watumwa na hukumu juu ya watumikishaji. Wazao wa Abramu walipopita kati ya vipande vya ndama katika siku za Sedekia, kisha wakawarudisha ndugu zao utumwani, walijiweka mahali pa Misri. Mungu hakubadilika. Aliendelea kusimama pale aliposimama katika Mwanzo 15, upande wa anayetumikishwa, na mara hii aliyekuwa upande wa pili ni watu wake.

Kwa nini kuwa mshiriki wa watu wa agano hakumpi mtu kinga anapomdhulumu mwingine? Linganisha na Amosi 3:2.

JUMATANO
Hukumu Inayolingana na Kosa

Soma Yeremia 34:17–22 na 2 Wafalme 25:1–7. Hukumu ililinganaje na dhambi iliyotendwa?

Mabwana walikuwa wametangaza uhuru kisha wakaufuta. Katika aya ya 17 Mungu naye anawatangazia uhuru: anawaachia upanga, tauni na njaa viwafikie. Walikuwa wamekataa kuwa chini ya sheria yake. Sasa wanaachwa pia nje ya ulinzi wake. Hivyo ndivyo hukumu ya Mungu inavyofanya kazi mara nyingi katika Maandiko. Mtu anayekataa masharti ya agano hupewa maisha yasiyo na agano, na huko ndiko anakogundua kwamba agano lilikuwa likimlinda.

Habari za Sedekia zinaonyesha jambo hilo kwa uchungu. Alikuwa amewekwa kuwa mfalme na Nebukadreza, akala kiapo kwa jina la Mungu, akakivunja (2 Nya. 36:13, Eze. 17:11–21). Kwa hiyo agano la watumwa halikuwa kiapo chake cha kwanza kuvunjwa. Hata hivyo mlango haukufungwa upesi. Yeremia alimwambia waziwazi kwamba akijisalimisha ataishi na mji hautateketezwa (Yer. 38:17, 18). Jibu la Sedekia katika aya ya 19 lilikuwa kwamba anawaogopa Wayahudi waliokwisha kukimbilia kwa Wakaldayo, wasije wakamdhihaki. Aliogopa kuchekwa kuliko alivyoliogopa neno la Mungu.

Wakaldayo walirudi. Katika mwaka wa 11 wa Sedekia, mwezi wa 4, siku ya 9, ukuta ulibomolewa. Mfalme alikimbia usiku, akakamatwa katika nchi tambarare ya Yeriko, akapelekwa Ribla. Wanawe waliuawa mbele ya macho yake, kisha macho yake yakapofushwa, akafungwa pingu za shaba. Mwaka huo, 586 K.K., hekalu ambamo agano lilifanyika liliteketezwa kwa moto.

Je, si watumwa pia walioteseka kwa njaa katika mji ule? Ndiyo. Dhambi ya wenye nguvu huwaangukia kwanza wasio na nguvu, na kitabu cha Maombolezo hakilifichi jambo hilo. Lakini hata katikati ya maangamizi Mungu hakumpoteza mtu machoni. Ebedmeleki Mkushi, mtumishi katika nyumba ya mfalme, alipewa ahadi kwa jina lake kwamba ataokoka, kwa sababu alimtumaini Bwana (Yer. 39:15–18). Mfalme alipoteza yote. Mtumishi mgeni alipewa maisha yake.

Watu wengine husema Mungu wa upendo hawezi kuhukumu. Mjakazi aliyerudishwa utumwani angejibu nini?

ALHAMISI
Mashamba kwa Wasio na Kitu

Soma Yeremia 39:10. Ni nini kilichowapata watu maskini kabisa wa Yuda baada ya mji kuanguka?

Nebuzaradani, mkuu wa walinzi wa Babeli, aliwachukua watu waliosalia mjini kwenda uhamishoni, akawaacha maskini waliokuwa hawana kitu, akawapa mashamba ya mizabibu na makonde. Kumbukumbu la Torati 15:13, 14 ilikuwa imeagiza kwamba anayeachwa huru asiende mikono mitupu. Mabwana Waebrania walikataa kutii. Mwishowe ofisa wa kipagani, bila kujua sheria ya Musa, ndiye aliyewapa maskini wa Yuda mashamba na mizabibu. Wale walioshindwa kuwaachilia watumwa wao kwa mkono wa hiari walikwenda Babeli wakiwa wafungwa wenyewe, na nchi ikapata sabato zake (2 Nya. 36:21).

Hata hivyo mashamba hayo hayakuwa ukombozi kamili. Watu wale walibaki chini ya mgeni, na muda si mrefu liwali wao Gedalia akauawa. Moyo wa mwanadamu unaotubu Jumatatu na kurudi nyuma Jumanne haukuponywa kwa mji kuteketea. Ndiyo maana ni Yeremia huyo huyo aliyetangaza agano jipya, ambalo ndani yake Mungu ataiandika sheria yake mioyoni (Yer. 31:31–34).

Soma Luka 4:16–21. Yesu alitangaza nini katika sinagogi la Nazareti siku ya Sabato?

Fungu alilosoma ni Isaya 61. Neno la uhuru lililomo katika Isaya 61:1 ni neno lile lile la Kiebrania lililotumika katika Yeremia 34:8, na katika Mambo ya Walawi 25:10 kuhusu mwaka wa yubile. Uhuru uliotangazwa na Sedekia ukanyang'anywa, Yesu anautangaza tena, na mara hii haunyang'anywi. Kristo aliyachukua juu yake yale aliyostahili mvunja agano. Wagalatia 3:13 inasema alifanywa laana kwa ajili yetu. Yeye aliyepita peke yake kati ya vipande vya Mwanzo 15 ndiye aliyetoa mwili wake.

Neema hiyo haiifuti hukumu. Malaki 3:5 inasema Bwana atakaribia kuhukumu, na kati ya watakaoshitakiwa ni wanaomdhulumu mwajiriwa ujira wake. Yakobo 5:4 inasema kilio cha waliovuna mashamba na ujira wao ukazuiliwa kimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Danieli 7:22 inaonyesha kwamba hukumu hutolewa kwa faida ya watakatifu. Kwa aliyedhulumiwa, habari kwamba saa ya hukumu imekuja ni habari njema. Kwa aliyedhulumu, ni mwito wa kurekebisha mambo wakati mlango wa rehema ungali wazi.

Mtu aliyeachwa huru na Kristo ana wajibu gani kwa wale walio chini ya mamlaka yake?

IJUMAA

Jifunze Zaidi: Soma Nehemia 5:1–13. Zaidi ya miaka 100 baada ya Yerusalemu kuanguka, Wayahudi waliorudi kutoka uhamishoni walikuwa wakiwatia utumwani watoto wa ndugu zao kwa sababu ya madeni. Nehemia alikasirika, akawakabili wakuu mbele ya mkutano, akawaapisha mbele ya makuhani. Akakung'uta vazi lake kuonyesha jinsi Mungu atakavyomkung'uta kila asiyetimiza neno hilo. Linganisha mwisho wa kisa hicho na Yeremia 34:11. Safari hii mashamba na mizabibu vilirudishwa, na aya ya 13 inashuhudia kwamba watu walifanya kama walivyoahidi. Watu wa Nehemia walikuwa wanadamu kama watu wa Sedekia, wenye madeni na tamaa zile zile. Kumbe agano linaweza kutunzwa hata baada ya hofu kutulia.

Kesho, jua litakapokuwa limetua leo na Sabato imekwisha kuingia, ibada itafanyika nyumbani na kanisani. Kabla ya saa hiyo, kila msomaji wa somo hili anaweza kujiuliza ni nani katika nyumba yake ambaye hatapumzika, na ni ahadi gani iliyobaki bila kulipwa. Pengine kuna ujira wa kumaliza kulipa, simu ya kumpigia mzazi wa binti, au neno la kuomba msamaha. Kuyafanya hayo Ijumaa ni sehemu ya matayarisho ya Sabato sawa na kupika na kufua.

Maswali ya Kujadili:

1. Mungu alilisifu tendo la watu wa Yerusalemu ingawa lilifanyika wakati wa hofu (Yer. 34:15). Hilo linafundisha nini kuhusu toba inayoanza kwa sababu ya ugonjwa, msiba au hatari? Ni nini kinachohitajika ili toba hiyo idumu?

2. Kanisa linawezaje kuwasaidia washiriki kutimiza ahadi walizowapa wafanyakazi wao wa nyumbani na vibarua wao, bila kuwaaibisha, lakini pia bila kuifunika dhuluma?

3. Sedekia alimwogopa mwanadamu kuliko Mungu. Jadilini katika darasa njia ambazo hofu ya kuchekwa humzuia mtu kufanya haki anayoijua.

4. Mshiriki mmoja anasema: "Watumwa wa Agano la Kale hawanihusu, kwa kuwa mimi sina mtumwa." Mungemjibu nini kwa kutumia Kumbukumbu la Torati 5:14, 15 na Yakobo 5:1–6?